Kufuga njiwa wa mbio: kutoka yai hadi kilomita 400

Siku ya kwanza kupeleka njiwa Mlandizi, karibu kilomita 60 kutoka Dar, nilibeba 14. Walirudi 3, na wa tatu aliingia kesho yake jioni kwa miguu, akitokea uchochoroni, bawa moja limenyofoka manyoya. Nilimlaumu mwewe, nikamlaumu aliyeniuzia, nikalaumu hata minara ya simu. Wiki moja baadaye nilifungua daftari nikasoma nilichoandika mwenyewe: wamekula asubuhi wakashiba, wamefunguliwa saa 7 mchana wingu limetanda, na kabla ya hapo hawajawahi kurushwa mbali kuliko Kimara, ndani ya jiji. Hapakuwa na wa kulaumiwa zaidi yangu.

Haya ninayoandika nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenipa kabla ya siku ile. Banda langu liko Dar es Salaam, kwa hiyo mifano ni ya barabara ya Morogoro. Aliyeko Mombasa aweke Mariakani na Voi mahali pa Kibaha na Chalinze, mambo ni yale yale.

Ndege mwenyewe

Njiwa wa mbio ni ndugu wa yule unayemwona juu ya paa la msikiti. Tofauti yake ni kwamba amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa jambo moja tu, kurudi nyumbani haraka. Kazi hiyo ilifanywa zaidi Ubelgiji tangu karne ya 19, na hadi leo ukitaja koo za njiwa hukosi kusikia jina la ndugu wa Janssen wa mji wa Arendonk. Hukohuko Ubelgiji, Novemba 2020, njiwa jike aitwaye New Kim aliuzwa kwa mnada kwa euro milioni 1.6. Mwaka mmoja kabla yake, dume aitwaye Armando alikuwa ameuzwa kwa euro milioni 1 na robo.

Bei hizo zimeharibu vichwa vya vijana wengi hapa kwetu. Mtu anakopa ili anunue njiwa mwenye karatasi ya ukoo, kisha anamweka kwenye banda la bati lenye joto kama tanuri na kumlisha mahindi yenye ukungu. Kwangu mimi, njiwa wa kawaida kwenye banda zuri humshinda wa ukoo mkubwa kwenye banda bovu, tena si kwa kubahatisha.

Njiwa aliyekomaa ana gramu 400 hadi 500. Hewa ikiwa tulivu hukimbia kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Upepo ukimsukuma kwa nyuma huvuka 100. Anajuaje njia? Anatumia jua kama dira, anahisi usumaku wa dunia, na harufu za upepo zina sehemu yake. Akikaribia nyumbani anafuata anachokiona kwa macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliowafunga njiwa vifaa vya kurekodi njia waliwakuta wakifuata barabara, hata pale barabara ilipowazungusha. Jambo hili litatufaa tukifika kwenye mafunzo.

Kununua

Nunua makinda wa wiki 4 hadi 5, waliotoka tu kuachishwa, ambao hawajawahi kuruka nje. Njiwa mkubwa aliyezoea banda la mtu, hata ukimfungia mwaka mzima, siku ukimfungua huenda akarudi alikotoka. Ukinunua wakubwa, wawe wa kuzalisha tu na wasitoke nje kamwe. Wafugaji huwaita wafungwa. Wa kutoka nje ya nchi wanahitaji kibali cha idara ya mifugo kabla hawajapanda ndege. Usimsikilize anayekwambia watapita tu.

Mshike mkononi, miguu yake ikiwa katikati ya vidole vyako, kidari kimelala kwenye kiganja. Awe mwepesi kuliko anavyoonekana. Mfupa wa kidari usiwe na kona wala usipinde. Mifupa miwili ya nyuma, karibu na mkia, iwe imara na ikaribiane. Manyoya yawe laini mpaka vidole vikitoka vina unga mweupe. Unga huo ni dalili ya afya. Fungua bawa uhesabu manyoya 10 makubwa ya nje, uangalie yale manne ya mwisho, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa. Halafu mtazame koo: liwe la waridi, halina utando wa manjano.

Kuna wanaosoma jicho kwa lenzi na kukuambia huyu ni wa kilomita 500. Nimewasikiliza kwa heshima zote. Daftari la matokeo linasema zaidi ya jicho.

Banda

Adui wa kwanza wa banda la pwani ni unyevu, wa pili joto, na wa tatu ni wewe unapoongeza njiwa kila mwezi. Kila njiwa apate angalau nusu mita ya ujazo, na ikiwezekana zaidi. Banda la mita 2 kwa 3 lenye kimo cha mita 2 lina ujazo wa mita 12. Hapo usizidishe njiwa 20.

Inua sakafu kama nusu mita kutoka ardhini, juu ya nguzo. Chini ya nguzo pita na mafuta machafu kuzuia siafu, na funga bati nyororo kwenye kila nguzo ili panya na nyoka washindwe kupanda. Paa la makuti au vigae ni bora kuliko bati tupu. Kama huna jinsi, weka bati, lakini tandika makuti juu yake na uache nafasi ya hewa chini ya paa kuzunguka banda lote. Hewa moto itoke juu, hewa mpya iingie chini, isiwapige njiwa usoni. Kipimo changu ni rahisi: ingia saa 11 alfajiri kabla hujafungua dirisha. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, hewa haitoshi na vifua vyao vinaharibika usiku kucha.

Gawa banda vyumba vitatu: wazazi, wanaorushwa, na makinda. Kila jozi ipate kijumba cha upana wa sentimita 60, kina na kimo sentimita 40, na mahali pa kulala pa kila njiwa pawe na kizuizi pembeni, maana madume hugombana. Mlango wa kuingilia uwe na fito nyembamba za waya zinazoning'inia, ambazo njiwa anazisukuma kwenda ndani lakini hawezi kuzisukuma kutoka. Mbele yake weka ubao wa kutua. Mashindano yanapotea hapo, kwenye ubao: njiwa akitua kisha akazunguka dakika 3 juu ya paa akijipangusa, umeshindwa hata kama alikuwa wa kwanza angani.

Kunguru wa Dar usiwadharau. Hawamwezi njiwa mkubwa, ila huiba mayai na makinda kama wavu una tundu, na huwafukuza njiwa juu ya paa mpaka wanaogopa kutua. Wavu wa matundu madogo pande zote, basi.

Ukifagia, funga barakoa. Vumbi la njiwa likiingia kifuani miaka na miaka linakuachia kikohozi kisichopona.

Chakula, ambacho ndicho hatamu

Farasi ana hatamu, njiwa ana njaa. Mwenye kuweka chakula siku nzima hana amri juu ya njiwa wake. Mpe njiwa mmoja gramu 30 hivi kwa siku, mara mbili, asubuhi kidogo na jioni zaidi. Kila unapolisha tikisa kopo lile lile lenye nafaka na upige mluzi ule ule. Baada ya wiki mbili, kopo likilia watashuka hata wakiwa na mwewe nyuma.

Mchanganyiko wangu wa siku za kawaida ni mahindi sehemu 3, mtama mweupe 3, choroko au mbaazi 2, ngano 1 na mpunga 1. Wenye makinda huwaongezea jamii ya kunde, kwa sababu kinda hujenga mwili. Wiki ya mashindano hufanya hivi: siku mbili za kwanza baada ya safari mpunga unakuwa nusu ya chakula, maana ni mwepesi na husafisha tumbo, siku tatu zinazofuata ni mchanganyiko wa kawaida, siku mbili za mwisho naongeza mahindi na alizeti, na kwa safari ndefu karanga mbichi punje 5 au 6 kwa kila njiwa. Safari ndefu huendeshwa kwa mafuta. Mtu akiwalisha kunde nyingi siku ya mwisho anawapa mzigo.

Mahindi na karanga vichungulie kimoja kimoja. Sumukuvu haionekani kila mara, lakini punje iliyovunjika, yenye rangi ya kijivu au harufu ya uvundo, itupe. Mwaka mmoja nilinunua gunia la bei poa baada ya mvua. Makinda wakaanza kufa mmoja mmoja, wazazi wakawa wanakunywa maji sana na kinyesi chao cha kijani. Nilipomwaga gunia lile chini, katikati lilikuwa limeshikana kama mkate.

Njiwa hana meno. Firigisi yake inasaga kwa mawe. Weka kisahani cha changarawe ndogo, maganda ya chaza yaliyopondwa, mkaa kidogo na chumvi kidogo, ubadilishe kila wiki kwa sababu kikiloa hawakigusi. Maji yawe safi kila siku, kwenye chombo wanachoingiza mdomo lakini hawaingizi miguu. Mara moja kwa wiki wape beseni la kuoga lenye chumvi kiganja kimoja, asubuhi jua likitoka, kisha ulimwage kabla hawajaanza kunywa.

Kuzalisha

Vitabu vya Ulaya vinasema kutanisha jozi majira ya baridi, rusha kuanzia Aprili, acha wabadilishe manyoya vuli. Kalenda hiyo imetengenezwa na urefu wa mchana unaopanda na kushuka. Dar tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja, kwa hiyo mwili wa njiwa hauambiwi na jua lini afanye nini, naye hubadilisha manyoya ovyoovyo mwaka mzima. Lazima wewe umpangie kwa kukutanisha na kutenganisha.

Mimi nakutanisha katikati ya Januari. Makinda wa kwanza wanaanguliwa katikati ya Februari na wa pili mwishoni mwa Machi, halafu natenganisha madume na majike mwishoni mwa Aprili. Kiangazi kikianza Juni, makinda wana miezi miwili hadi minne na anga limekauka. Mbio zangu ni Agosti hadi Oktoba. Novemba na Desemba hakuna kazi, ni kubadilisha manyoya na kula vizuri, maana bawa la mwaka ujao linajengwa hapo.

Ili kuoanisha, mfungie dume kwenye kijumba siku mbili ajue ni pake, kisha mwingize jike upande wa pili wa wavu. Akianza kuinamisha shingo na jike akamjibu, ondoa wavu. Siku ya 8 hadi ya 10 jike anataga yai la kwanza, mara nyingi jioni. La pili linakuja baada ya saa 44 hivi, alasiri. Lile la kwanza hawaliatamii kwa nguvu mpaka la pili litoke, na hiyo ndiyo sababu makinda huanguliwa karibu pamoja, siku 17 au 18 baadaye. Dume hukalia mayai kuanzia asubuhi ya kati mpaka alasiri, jike hushika zamu iliyobaki na usiku wote. Bakuli la udongo la kipenyo cha sentimita 22 hadi 25 linatosha. Mimi natandika majani makavu ya mvinje, na chini yake ya mwarobaini kupunguza utitiri.

Siku za kwanza baba na mama wote wawili hutoa maziwa ya njiwa kutoka kwenye gole, ule mfuko wa shingoni. Ni kama jibini laini, na kinda huongezeka uzito mara mbili ndani ya siku mbili za mwanzo. Usiwasumbue.

Siku ya 7 ni ya pete. Pete ya alumini haina mlango, ukikosa siku yake umekosa. Mshike kinda kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu vya mbele vya mguu uvikusanye pamoja kama ncha ya penseli, uvipitishe kwenye pete. Kidole cha nyuma kilaze nyuma juu ya mguu, sukuma pete mpaka ipite kiungo, halafu kwa kijiti cha kiberiti ukitoe kile kidole chini ya pete. Namba isimame wima ikisomeka kutoka chini kwenda juu. Ikivuka kwa tabu umechelewa siku moja. Ikitoka yenyewe umewahi, jaribu kesho. Andika hapohapo: namba ya pete, ya baba, ya mama, tarehe. Usijiambie utakumbuka.

Siku ya 25 hadi 28, bawa likiwa limefunikwa manyoya upande wa chini na kinda anaokota nafaka mwenyewe, mhamishe chumba cha makinda. Mchovye mdomo kwenye chombo cha maji mara moja, ajue kilipo. Kinda asiyejua maji yalipo hufa ndani ya siku mbili huku chombo kimejaa.

Nani kwa nani? Bora kwa bora, na ubora ni matokeo. Ukimpata mmoja aliyetoa watoto wazuri na majike wawili tofauti, huyo ndiye mhimili. Mpandishe na mjukuu wake au binti wa kaka yake ili damu yake isiyeyuke, halafu kila baada ya vizazi viwili ulete damu ya nje. Ndugu kwa ndugu wa tumbo moja fanya kwa nadra, na watoto wao uwaweke wa kuzalisha tu. Wengi watatoka wadogo na dhaifu. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa huruma: kati ya makinda 30, mwisho wa msimu baki na 8 au 10. Waliobaki wape majirani wanaofuga kwa kupenda tu, au uwafanye kitoweo. Supu ya njiwa haina aibu.

Kufundisha

Wiki ya kwanza baada ya kuachishwa, weka kizimba cha wavu juu ya paa mbele ya mlango wa kuingilia. Jioni, kabla giza halijaingia, makinda wakae humo kwa muda wa saa moja au mbili wakitazama: mnazi wa jirani, mnara, barabara, anga. Wanachora ramani. Kisha wasukume taratibu wapite zile fito za waya kuingia ndani, na ndani kopo linalia. Fanya hivyo siku 7.

Siku ya 8, jioni, hawajala tangu asubuhi, ondoa kizimba uache mlango wazi. Usiwarushe wala usipige makofi. Watatoka, watatembea juu ya paa, mmoja ataruka hadi bomba la maji, mwingine atashtuka na kurudi. Baada ya nusu saa tikisa kopo. Kinda wa wiki 5 akishtuliwa na kuruka juu kabla hajajua paa lake, humwoni tena.

Wakifika wiki 9 au 10 watabadilika. Asubuhi moja kundi litaondoka kama limeitwa, litapotea upande wa Kisarawe dakika 40, hata saa nzima. Moyo utakudunda. Ni jambo jema, wanapanua ramani. Wakishafanya hivyo wiki mbili, anza barabara.

Hatua zangu ni kilomita 2, 5, 10, 15, 20, kisha Kibaha ambako ni kama 35 kwa mstari ulionyooka kutoka katikati ya jiji, Mlandizi karibu 60, Chalinze 100 na kidogo, Morogoro karibu 180, na Dodoma karibu 400. Hatua fupi zirudie mara mbili tatu, na Kibaha irudie mara nne. Ukiona wamechelewa kuliko walivyozoea, rudi hatua moja nyuma. Haraka haraka haina baraka, na mimi nililipa njiwa 11 kujifunza methali niliyoijua tangu chekechea.

Asubuhi ya kurushwa hawali, wanakunywa tu. Tumia tenga refu lenye kimo kidogo, lenye matundu, pumba za mbao chini, njiwa 10 kwa tenga la kuku wakubwa. Ukimpa konda wa basi, mlipe aliweke juu kwenye kivuli, lisikae kwenye buti. Ukifika, liweke chini likitazama nyumbani, nusu saa nzima, walione jua. Hakikisha hakuna nyaya za umeme mbele. Fungua kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, jua limetoka, huoni ukungu kwenye upeo wa macho. Mvua ikiwa njiani, geuza na tenga lako urudi nao. Nimefanya hivyo Chalinze mara mbili na abiria wakanicheka.

Wakishazoea Kibaha kwa pamoja, wafungue wawili wawili, halafu mmoja mmoja, wakipishana dakika 5. Njiwa wengi wanafuata tu kundi. Ukimfungua peke yake ndipo unajua nani ana dira yake mwenyewe. Andika nani kazunguka mara moja akashika njia na nani kazunguka robo saa. Kwa ajili ya zile barabara za Oxford, mimi pia huwafungua mara kadhaa kilomita 3 kaskazini na kusini mwa njia kuu. Nataka wajue kwamba nyumbani kuna pande nyingi.

Na upepo. Tunaporusha kutoka magharibi, kusi inawapiga mbele upande wa kulia, na kaskazi mbele upande wa kushoto. Hakuna msimu unaowasukuma. Kusi ikivuma kwa nguvu, wangu hutokea upande wa Tegeta badala ya Kibamba, wamesukumwa kaskazini mpaka wameona bahari ndipo wakageuka kusini. Kwa hiyo usiwapime kwa kasi za Ubelgiji. Njiwa aliyesoma kusi huegemea kusini, upande wa Pugu, tangu anapoondoka, na huyo ndiye wa kumzalisha.

Siku ya mashindano

Mabanda hayako mahali pamoja, kwa hiyo anayefika wa kwanza si lazima ashinde. Unagawa umbali kwa muda. Chukua njiwa wa Kinyerezi aliyeruka mita 168,400 kwa dakika 128: kasi yake ni mita 1,315.6 kwa dakika. Mwenzake wa Mbagala ameruka mita 173,900 kwa dakika 131, kasi 1,327.5. Wa Mbagala ameingia dakika 3 baadaye na ndiye mshindi. Pima umbali kwa GPS kutoka mahali pa kufungulia hadi ubao wa kutua, si hadi mtaa. Muda huchukuliwa kwa chipu ya mguuni inayosomwa na kifaa mlangoni. Vikundi vidogo hutumia pete ya mpira yenye namba ya siri, unaivua na kupiga picha mbele ya saa iliyolinganishwa asubuhi.

Kumfanya akaze mwendo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kiota: jike anayeatamia mayai ya siku 10, au mwenye kinda wa wiki moja, atakimbia kuliko alivyowahi. Ya pili ni ujane. Madume yakae vijumbani, majike chumba kingine, wasionane wiki nzima. Jioni ya kuwapeleka, muoneshe dume mkewe dakika 10, ndani ya kijumba chao, kisha mtie kwenye tenga. Akirudi amkute jike anamngoja, na uwaache pamoja saa chache. Ukimdanganya mara moja, arudi akakuta kijumba kitupu, wiki ijayo atakaa juu ya paa akitafakari.

Akiingia, mpe maji yenye sukari na chumvi kidogo, yale yale ya mtoto anayeharisha. Chakula chepesi baada ya nusu saa. Usimshike wala usimwonyeshe wageni. Safari ya Dodoma ikiisha, apumzike wiki mbili. Wenzetu wa Ulaya wanarusha kutoka Barcelona hadi Ubelgiji na Uholanzi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa wengi, lakini njiwa wa safari hiyo huandaliwa kwa miaka, na hapa kwetu Dodoma inatosha kumtambua bingwa.

Magonjwa

Kila njiwa mpya akae peke yake wiki 3. Hili tu lingeokoa nusu ya mabanda ninayoyajua.

Shingo inapinda, anadonoa nafaka anaikosa, kinyesi ni maji matupu: hicho ni kirusi ndugu wa mdondo wa kuku, na hakina dawa. Chanjo yake maalumu ni sindano chini ya ngozi nyuma ya shingo, kuanzia wiki ya 5 au ya 6, kila mwaka. Isipopatikana wengi hutumia ya mdondo wa kuku ya matone. Haikingi sawasawa, muulize daktari wa mifugo kabla hujaamua. Utando wa manjano kooni kama jibini ni wa vimelea, unatibika mapema kwa dawa anayoandika daktari. Vidonda vikavu kwenye mdomo na kope wakati wa masika ni ndui, huletwa na mbu. Weka chandarua kwenye madirisha ya makinda. Kiungo cha bawa kikivimba na njiwa akadhoofu, shuku bakteria wa tumbo, mtenge siku hiyohiyo.

Kisha yule inzi bapa, wa kahawia, anayekimbia chini ya manyoya kama kaa. Anaeneza vimelea vya damu, na njiwa aliyenavyo haumwi hadi siku ya kilomita 150, ndipo anaishiwa pumzi. Angalia makinda wa siku 10 hadi 20, ndiko anakojificha. Safisha viota na upulize dawa ya wadudu ya kuku kwenye mbao, si kwenye chakula.

Dawa za kuua bakteria usiwape "kwa kinga" kila mwezi. Unawaficha wagonjwa, kisha unawazalisha.

Njiwa wa mtu akitua kwako

Atatua tu, msimu wa mbio, amechoka, pete mguuni. Mfungie mahali peke yake, asichanganyike na wako. Mpe maji kwanza, kisha mtama kiganja kimoja, alale. Soma namba ya pete, ipige picha na uiweke kwenye kundi lenu la simu. Asubuhi mpandishe juu ya paa umwachie. Ikifika saa 6 bado yupo, mpe maji tena na mpigie simu mwenyewe aje na tenga.